Kabla hujasema "namfahamu, ni mpendwa mwenzetu"

Simu iliingia jioni, namba siijui. Alikuwa dada mmoja mwenye sauti ya heshima, akajitambulisha, akasema anataka kumpa ndugu fulani kazi ya kushika hela na stoo ya biashara yake, na huyo ndugu ameandika jina langu kama mtu anayemfahamu vizuri. Akauliza moja kwa moja: "Kaka, wewe unasali naye siku nyingi. Nikimkabidhi hela zangu nitalala usingizi?"

Nikafungua mdomo nimjibu kwamba huyo ni mtu wa Mungu kabisa, maana ndivyo ninavyoamini na ndivyo mtu yeyote pale kanisani angemjibu, anaongoza maombi, hakosi ibada, akiomba watu wanalia. Lakini swali lilikuwa la hela. Nikatafuta kichwani kitu kimoja tu ninachokijua kuhusu yeye na hela, deni alilokopa akalirudisha kwa wakati, kazi aliyopewa akaimaliza bila kusimamiwa, chenji iliyozidi akairudisha, nikakosa.

Nikamwambia, "Dada, kwenye maombi namjua. Kwenye hela sijawahi kuona lolote kwake, si baya si zuri."

Kimya.

Halafu akasema, "Sawa kaka, nimekuelewa." Na kwa jinsi alivyolitamka lile neno nikajua ameelewa kitu ambacho sikukisema.

Hakupiga tena na sijui kama yule ndugu alipata ile kazi. Wiki zote hizi limenikaa kooni, kwa sababu sikusema uongo hata neno moja na bado inawezekana jina la mtu limeshuka kwa sababu yangu, na upande wa pili ningetoa lile jibu la haraka ningekuwa nimempa yule dada uhakika ambao mimi mwenyewe sina. Nimelala nalo nimeamka nalo. Ndio maana naandika.

## Tunamjua mtu wapi?

Nimejaribu kuwapitia kichwani watu ninaosali nao, mmoja mmoja, nikijiuliza huyu namjua wapi hasa. Wengi nawajua mahali ambapo kila mtu amejiandaa. Ameoga, amevaa vizuri, anasalimia kwa tabasamu, anaanza na "Bwana asifiwe". Sisemi ni unafiki, hapana, hata mimi nafanya hivyohivyo na ni haki mtu kujipanga anapokwenda mbele za Mungu. Ila kuna watu wengine wanaomjua huyohuyo mtu kwenye saa zake nyingine. Fundi aliyemaliza kazi akaambiwa "njoo kesho" na kesho ikawa kesho. Binti anayefanya kazi nyumbani kwake. Mtu aliyegongana naye barabarani. Mwenzake wa ofisini aliyeona ripoti ikiandikwa kwa tarehe ambayo siyo.

Hao hatuwaulizi kitu.

Na Biblia inawauliza! Paulo anapoorodhesha sifa za askofu kwenye 1 Timotheo 3 anaweka sharti moja ambalo sikumbuki mara ya mwisho kulisikia likitumika kwenye uchaguzi wowote wa viongozi, kwamba imempasa kushuhudiwa mema na watu walio nje. Walio nje! Yaani wasiosali na sisi, wanaofanya naye biashara, jirani yake ambaye hata habari za kanisa hana. Yakobo naye sura ya 5 anasema ujira wa wakulima uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele, na vilio vya waliovuna vimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Ukitaka kujua Mungu anasikia nini juu ya mtu, kumbe anasikia mpaka mshahara uliocheleweshwa.

Halafu kuna nabii Samweli. Ile sura ya 12 ya 1 Samweli nimeisoma mara nyingi wiki hizi. Mzee ana mvi, ametembea mbele yao tangu ujana wake, sasa mfalme ameshapatikana naye anaachia uongozi. Hapo ndipo angeandaliwa sherehe, risala, zawadi. Yeye anasimama mbele ya Israeli yote na kuwaambia nishuhudieni hapa mbele za Bwana na mbele ya mfalme: nimetwaa ng'ombe wa nani? Punda wa nani? Nimemdhulumu nani? Nimepokea rushwa kwa nani ili inipofushe macho? Na anasema atarudisha.

Tazama anavyouliza. Hawaulizi kama aliwahubiria vizuri. Anauliza kuhusu ng'ombe na punda, vitu vya kushikika, ambavyo kama alichukua mwenyewe yupo palepale kwenye umati na anaweza kunyoosha mkono. Ni swali la mtu aliyekubali kuaibika endapo jibu litakuja. Na wanawe wawili, Yoeli na Abiya, walikuwa wamepokea rushwa kule Beer-sheba, kila mtu alijua, Samweli naye alijua kwamba watu wanajua. Hakungoja aibu ya nyumbani isahaulike ndio aulize.

Sijawahi kuona kiongozi akiaga hivyo. Natamani nione.

## Sauli alitaka wazee waone

Sura tatu mbele kuna mtu wa upande mwingine, na huyu ndiye aliyenigeuza mawazo zaidi ya wote.

Stori ya mfalme Sauli na Waamaleki tunaijua, aliambiwa aangamize vyote mpaka mifugo, akaacha iliyo mizuri hai. Kuna vitu viwili vilikuwa vinanipita kila nikisoma. Cha kwanza, mstari wa 12: kabla Samweli hajafika, Sauli alishapita Karmeli akajisimamishia ukumbusho. Kwa ajili yake mwenyewe, kwa vita ileile ambayo hakutii. Kondoo walioachwa hai wanalia nyuma, na yeye anasimamisha kumbukumbu ya utii. Na anamsalimia nabii kwa baraka na kumwambia nimeitimiza amri ya Bwana, mpaka Samweli anauliza, basi hicho kilio cha kondoo masikioni mwangu ni nini?

Cha pili ni mstari wa 30. Hapo tayari ameambiwa ufalme umeondolewa, vazi limeshararuka, hakuna cha kuficha tena. Sauli anasema nimefanya dhambi, lakini uniheshimu sasa mbele ya wazee wa watu wangu na mbele ya Israeli.

Soma tena taratibu. Ametubu na kuomba heshima kwenye sentensi moja.

Na alipata! Mstari wa 31 Samweli akarudi pamoja naye, Sauli akamwabudu Bwana. Wale wazee siku ile waliona nini? Waliona mfalme na nabii wanaabudu pamoja. Kama ungempigia simu mmoja wao jioni ile ukamuuliza habari za Sauli angekuambia yuko vizuri sana, tumetoka kuabudu naye sasa hivi. Angekuwa anasema alichokiona kwa macho yake.

Ndipo nikaelewa kilichonikwaza kwenye ile simu. Unaweza kuwa shahidi mwaminifu wa kitu ambacho hakikuambii lolote.

Mlinganishe na Daudi. Dhambi ya Daudi ilikuwa mbaya kupita kiasi, mke wa mtu na damu ya mtu, na alihangaika kuificha kwa muda mrefu. Ila Nathani alipomwambia "wewe ndiwe mtu huyo" jibu lake kwenye 2 Samweli 12:13 ni fupi na halina "lakini" ndani yake. Na ile Zaburi ya 51 imeandikwa juu yake kwamba ni kwa mwimbishaji, zaburi ya Daudi, Nathani nabii alipomwendea baada ya kuingia kwa Bathsheba. Kwa mwimbishaji! Yaani ilipelekwa kwaya. Taifa zima liimbe dhambi ya mfalme na jina la mwanamke likiwa kwenye kichwa cha wimbo. Mtu anayelinda jina lake hawezi kufanya hivyo hata kwa kushikiwa upanga.

## "Tusichafue jina la Bwana"

Hili nitalisema wazi maana linaniuma.

Kila mahali ambapo Wakristo wamefunika uovu, sentensi ni hiyohiyo. Tusichafue jina la Bwana. Tutaonekanaje. Tuombe tu. Na wanaoisema mara nyingi ni watu wema, wamefunga na kuomba, wanampenda Mungu kweli, hiyo ndio sehemu inayonitisha.

Mnamkumbuka Ravi Zacharias, mtetezi wa imani aliyehubiri nchi nyingi sana, vitabu, redio, vyuo vikuu. Alifariki Mei 2020 na watu wakamlilia dunia nzima. Miaka mitatu kabla, 2017, mwanamke mmoja alikuwa ametoa malalamiko juu yake, na huduma yake ikasimama upande wa mhubiri, yule mwanamke akabaki ndiye anayeonekana ana nia mbaya. Februari 2021 ikatoka ripoti ya uchunguzi ulioagizwa na huduma yenyewe ikionyesha kwamba alikuwa amewatendea wanawake uovu wa zinaa, tena kwa miaka. Bodi ikakiri kwamba ilikosea kumwamini yeye na kutomwamini yule mama, ikaomba msamaha.

Sijaandika hili ili tumrushie marehemu mawe. Nafikiria ile miaka katikati, 2017 mpaka 2021. Jina lilikuwa zuri kwelikweli miaka yote hiyo, na uzuri wake ndio uliokuwa unamfunga mdomo kila aliyeumizwa, kwa sababu nani angemwamini? Kadiri jina lilivyong'aa ndivyo kilio kilivyokosa masikio. Kwa hiyo tunapofundisha vijana kwamba "heri kuchagua jina jema kuliko mali nyingi", Mithali 22:1, neno la kweli kabisa, tuwafundishe pia kwamba jina jema likitenganishwa na ukweli linaweza kuwa silaha dhidi ya mnyonge. Kanisa la Sardi liliambiwa lina jina la kuwa hai, nalo limekufa. Na Yesu alisema ole wenu watu wote watakapowasifu.

Halafu hebu tuulizane, jina la Bwana huwa linachafuka lini? Siku mambo yalipojulikana au siku yalipotendeka? Nathani alimwambia Daudi kwamba kwa tendo hilo amewapa adui za Bwana nafasi kubwa ya kukufuru. Kwa tendo. Kuficha hakukusaidia kitu, tendo lilishafanya kazi yake.

## Basi tuseme "Mungu anaujua moyo wangu"?

Hapa ndipo nilikaribia kupotea upande mwingine. Kwa hasira zile nikaanza kuwaza, basi jina halina maana, watu waseme watakavyo, mimi na Mungu wangu tunajuana, imetosha.

Aliyenizuia ni Paulo, 2 Wakorintho 8.

Kuna mchango mkubwa umekusanywa makanisani kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu. Ni hela nyingi na safari ni ndefu. Paulo ndiye mtume, ndiye aliyehamasisha, moyo wake Mungu anaujua kuliko wa wengi wetu. Naye hataki kubeba peke yake. Anamtuma Tito, na ndugu mwingine anayesifiwa makanisani kote, na huyo hakuteuliwa na Paulo, makanisa ndiyo yaliyomchagua asafiri nao, halafu anaongeza ndugu wa tatu aliyejaribiwa kwenye mambo mengi. Na sababu anaitaja bila aibu: mtu asije akatulaumu kwa habari ya karama hii, tukitangulia kufikiri yaliyo mema, si mbele za Bwana tu, ila na mbele ya wanadamu.

Si mbele za Bwana tu. Nilirudia hapo mara nyingi mpaka mawazo yangu ya "mimi na Mungu wangu" yakaisha nguvu. Mtunza hazina anayekasirika akiombwa risiti kwa sababu eti haaminiwi, huyo anadai heshima ambayo Paulo mwenyewe hakuidai.

Na hili lina mfano wa karibuni zaidi. Mwaka 1948 mwinjilisti wa Marekani Billy Graham na wenzake walikuwa na mikutano mji wa Modesto, California. Akawaambia kila mtu aende chumbani kwake kwa saa moja akaandike matatizo yanayowaangusha wainjilisti. Waliporudi orodha zilikuwa karibu zinafanana. Wakakubaliana mambo manne: hela, wasitegemee kuwakamua watu sadaka kwa kuwagusa hisia; wanawake, wasisafiri wala kukutana wala kula peke yao na mwanamke ambaye si mke; makanisa ya mahali wanapokwenda, wasiyaponde; na hesabu, wasikuze idadi ya waliohudhuria.

Hilo la nne napenda sana liwe humo. Mtu hahesabu kusema "maelfu" pale walipokuwa mamia kuwa ni dhambi, anaita ni imani! Wale waliliweka meza moja na wizi na uzinzi.

Na bado haikutosha. Mwaka 1950, mwisho wa mikutano ya Atlanta, gazeti likatoa picha mbili kwa pamoja: moja ya wahudumu na mifuko ya sadaka, nyingine ya Graham anaondoka akitabasamu. Hakuwa ameiba hata senti, sadaka ya mwinjilisti ilikuwa utaratibu wa kawaida wakati ule. Lakini picha zilisema zaidi, na baada ya hapo akaanza kulipwa mshahara uliopangwa na bodi, sadaka za namna ile akaziacha. Angeweza kulalamika kwamba anaonewa. Aliondoa kile kinachofanya watu washuku. Hapo naona tofauti na Sauli kwa macho kabisa, wote wawili walijali watu wanaona nini, mmoja akaomba nabii amsaidie kuonekana vizuri, mwingine akafungua vitabu vya hesabu ili aonekane jinsi alivyo.

## Na anayechafuliwa bila kosa

Wapo wanaosoma hapa wakiwa na jina lililoharibiwa kwa uongo na wanangoja niseme kitu. Nimeliacha makusudi mpaka huku chini kwa sababu sina jibu jepesi.

Yusufu alikimbia dhambi na mke wa bwana wake Potifa akaacha vazi, na vazi ndilo likawa ushahidi. Uaminifu ndio uliompotezea jina. Angekubali lile tendo la siri, jina lake nyumbani kwa Potifa lingebaki safi, angalau kwa muda. Akaingia gerezani kama mbakaji. Nimetafuta mahali ambapo mke wa Potifa anasema ukweli, au Potifa anamwomba radhi kijana wa watu, hakuna. Alipanda mpaka kuwa wa pili kwa Farao na kwa maandiko tuliyonayo lile shauri halikuwahi kufutwa.

Nje ya Biblia nampenda Athanasi, askofu wa Aleksandria kule Misri. Maadui zake walimshitaki kwamba amemuua askofu mwenzake Arseni na kumkata mkono ili afanyie uchawi, na mkono wenyewe walikuwa nao, mkavu, wanauonyesha watu. Kumbe Arseni yuko hai amefichwa. Wanahistoria wa kale wa kanisa wanasimulia kwamba kwenye sinodi ya Tiro, yaani mkutano wa maaskofu, mwaka 335, Athanasi alimleta Arseni mzimamzima amefunikwa vazi, akafunua mkono mmoja, akangoja, akafunua wa pili, halafu akauliza kama kuna mwenye kujua binadamu huwa na mkono wa tatu upande gani.

Ungedhani kesi imeisha. Sinodi ilimhukumu vilevile na Kaisari Konstantino akampeleka uhamishoni Trier, mbali kabisa, Ujerumani ya leo. Katika miaka yake 45 ya uaskofu alifukuzwa mara tano, jumla kama miaka 17 nje ya kanisa lake. Ushahidi ulikuwepo umesimama mbele yao unapumua na haukumsaidia siku ile.

Kwa hiyo siwezi kukuambia ndugu yangu kwamba ukweli utajulikana mwezi ujao. Ninachoweza kusema ni kwamba jitetee kwa ukweli kama Athanasi alivyojitetea, si dhambi kujitetea, ila usije ukakubali kusema uongo mdogo ili kurudisha jina ulilonyang'anywa kwa uongo mkubwa. Hapo ndipo wengi wameumia mara mbili.

## Dhamiri nayo

Nilidhani nimefika: watu wanaweza kukosea pande zote mbili, basi niangalie dhamiri yangu. Kisha nikakutana na 1 Wakorintho 4. Paulo anasema kwake si kitu kabisa kuhukumiwa na wao wala na hukumu ya kibinadamu, hapo nikafurahi, na anaendelea, wala sijihukumu hata nafsi yangu, kwa maana sioni neno juu ya nafsi yangu, lakini sihesabiwi haki kwa ajili hiyo. Anihukumuye mimi ni Bwana.

Yaani amejichunguza hakuona kitu, na bado hasemi niko safi.

Hilo limenipa kazi. Nimewaendea watu wawili ambao wana sababu ya kunijua nje ya ibada, mmoja ninafanya naye kazi kila siku na mmoja tuliwahi kushirikiana kwenye mambo ya hela, nikawaomba waniambie bila kunionea haya, kwenye ahadi na kwenye hela mimi nikoje. Wa kwanza alijibu palepale, akanitajia tabia moja ambayo mke wangu alishanitajia zamani. Wa pili amesema nimpe muda afikirie, na mimi namngoja.